Maswali ya Wasomaji: Theluthi ya Kura, Wajumbe Wote

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni kijana wa Newala, mkoani Mtwara, na mjomba wangu ni mjumbe anayekiwakilisha chama chetu cha msingi cha ushirika katika mikutano ya chama kikuu cha wakulima wa korosho. Tumekuwa tukibishana kuhusu kura za mchujo za Marekani. Nilisoma kwamba mwaka 2016, katika jimbo la South Carolina, Donald Trump alipata asilimia 32.5 ya kura za chama chake na akapewa wajumbe wote 50, yaani watu wanaokwenda kwenye mkutano mkuu wa chama kumchagua mgombea urais. Mjomba anasema hapana ubaya, kwa sababu hata kwetu mwenye kura nyingi ndiye anayekwenda. Mimi naona watu wawili katika kila watatu walidhulumiwa. Nani kati yetu yuko sahihi, na je, chama cha Democratic kinatenda haki zaidi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na mjomba nisalimie sana. Hoja yake ina mzizi, na kwa mtu aliyezoea mikutano ya ushirika ni hoja ya kawaida kabisa. Chama cha msingi kikiwa na nafasi moja ya kupeleka mtu kwenye mkutano mkuu wa TANECU, chama kikuu chenu, nafasi hiyo haikatwi vipande. Mwenye kura nyingi anakwenda, na waliobaki wanamtakia safari njema. Lakini South Carolina haikuwa na nafasi moja. Ilikuwa na nafasi 50, na nafasi 50 zinagawanyika. Hapo ndipo hoja ya mjomba inapokatika.

Tazama jinsi zilivyogawiwa. Kanuni ya chama cha Republican katika jimbo lile ilisema kwamba wajumbe 29 watakwenda kwa anayeongoza jimbo zima, na wajumbe watatu watatu kwa anayeongoza katika kila moja ya wilaya 7 za uchaguzi wa bunge. Tarehe 20 Februari 2016 Trump aliongoza jimbo zima na akaongoza katika wilaya zote 7. Marco Rubio alipata asilimia 22.5 na Ted Cruz asilimia 22.3, kura za hao wawili zikijumlishwa zinampita Trump kwa mbali, lakini wote wawili waliondoka bila mjumbe hata mmoja.

Hata hivyo, neno dhuluma ningelitumia kwa uangalifu. Mkulima hudhulumiwa anapopeleka kilo 100 ghalani akaandikiwa 90. Kama aliambiwa tangu mwanzo wa msimu kwamba makato ni kadhaa, na makato hayo ni makubwa mno, hiyo ni kanuni mbaya, naye ana haki ya kuipinga mkutanoni, lakini si wizi wa mizani. Kanuni ya South Carolina ilijulikana kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Rubio na Cruz waliijua, na wapiga kura waliotaka kuijua wangeweza kuijua.

Chama cha Republican huziachia kamati za majimbo sehemu kubwa ya uamuzi huu. Mwaka ule majimbo yaliyopiga kura kabla ya tarehe 15 Machi yalitakiwa kugawa wajumbe kwa uwiano wa kura, isipokuwa manne ya mwanzo, na South Carolina lilikuwa mojawapo. Kuanzia tarehe 15 Machi, jimbo lililotaka kumpa mshindi wajumbe wote liliruhusiwa. Siku hiyohiyo Florida ilimpa Trump wajumbe wote 99 kwa kura zisizofika nusu, na Rubio, ambaye wakati huo alikuwa seneta wa huko huko nyumbani kwake, akapata takriban asilimia 27 ya kura na wajumbe sifuri. Usiku ule alijitoa. Ohio nayo ilimpa gavana wake, John Kasich, wajumbe wote 66, naye pia hakufikisha nusu. Wanaoitetea kanuni hii wanasema kwamba chama kinahitaji kumpata mgombea mapema ili kisiingie kwenye uchaguzi mkuu kikiwa kimechoka kwa vita vya ndani. Ni sababu ya kweli, lakini ni sababu ya manufaa ya chama, na manufaa ya chama si kitu kimoja na haki ya mwanachama. Trump alifika kwenye mkutano mkuu akiwa na wajumbe wengi kuliko 1,237 waliohitajika, ilhali jumla ya kura zake za mchujo nchi nzima haikufika nusu.

Sasa chama cha Democratic. Wao hugawa wajumbe kwa uwiano katika majimbo yote, na kwa sababu hiyo wengi hudhani suala la haki kwao limekwisha. Halijaisha. Kwanza kuna kizingiti cha asilimia 15: mgombea asiyekifikia hapati mjumbe. Tarehe 11 Februari 2020, katika jimbo la New Hampshire, Bernie Sanders alipata asilimia 25.6, Pete Buttigieg 24.3 na Amy Klobuchar 19.7. Wajumbe 24 wakagawiwa 9, 9 na 6. Elizabeth Warren, mwenye asilimia 9.2, na Joe Biden, mwenye asilimia 8.4, hawakupata kitu. Kura za watu hao wawili peke yao ni zaidi ya moja katika kila sita zilizopigwa, nazo hazikumpeleka mtu yeyote mkutanoni. Huyo wa asilimia 8.4 ndiye aliyeapishwa kuwa rais Januari iliyofuata, kwa hiyo usidhani kizingiti huwachuja watu wadogo tu.

Lakini kinachonisumbua zaidi hakitajwi sana katika taarifa za habari, nacho ni hesabu ya mabaki. Wiki iliyopita nilikaa na vijana wawili wa jirani kwenye baraza ya nyumbani kwangu Shangani, hapa Mtwara Mjini, tukahesabu korosho 100 zenye maganda na kuzimwaga mkekani. Kila korosho ni mpiga kura mmoja. Wajumbe wengi wa Democratic hugawiwa wilaya kwa wilaya, na wilaya moja inaweza kuwa na wajumbe 4 na jirani yake 5.

Tukaanza na wilaya ya wajumbe 4. Kila mjumbe analipiwa korosho 25. Tulitenga fungu la 60 na fungu la 40. Fungu la 60 likanunua wajumbe wawili, likabakiwa na korosho 10. Fungu la 40 likanunua mjumbe mmoja, likabakiwa na 15. Mjumbe wa nne huenda kwa mwenye salio kubwa, yaani aliyeshindwa! Matokeo yakawa wawili kwa wawili. Kijana mmoja akasema tumekosea, akahesabu upya, jibu likawa lilelile. Tukaongeza fungu kubwa hadi 62, bado wawili kwa wawili. Ni lilipofika 63 ndipo wajumbe wakawa watatu kwa mmoja.

Kisha tukaenda kwenye wilaya ya wajumbe 5, ambako kila mjumbe ni korosho 20. Safari hii mafungu yalikaribiana kabisa, 51 kwa 49. La 51 likanunua wawili na kubakiwa na 11. La 49 likanunua wawili na kubakiwa na 9. Mjumbe wa tano akaenda kwa mwenye 51, na matokeo yakawa watatu kwa wawili. Kwa maneno mengine, katika wilaya ya kwanza mtu ameshinda kwa tofauti ya kura 24 katika kila 100 na hakupata faida yoyote, na katika wilaya ya pili mtu ameshinda kwa tofauti ya kura 2 akapata faida ya mjumbe mzima. Hakuna aliyeiba. Ni idadi tu ya viti, ama shufwa ama witiri.

Mwaka 2008 kambi ya Barack Obama ilizisoma hesabu hizi vizuri kuliko kambi ya Hillary Clinton. Tarehe 5 Februari mwaka huo Clinton alishinda New Jersey, jimbo ambalo wapiga kura zaidi ya milioni 1 wa Democratic walijitokeza, na alichovuna ni wajumbe 59 dhidi ya 48 wa Obama, yaani faida ya 11. Siku hiyohiyo Obama alishinda Idaho kwenye mikutano ya mchujo iliyohudhuriwa na watu takriban 21,000, akapata wajumbe 15 dhidi ya 3, yaani faida ya 12. Mwezi uliofuata, Texas, watu walipiga kura mchana na wengine wakarudi jioni kwenye mikutano, ambayo nayo iligawa sehemu ya wajumbe. Clinton alishinda kura za mchana, lakini hesabu yote ilipofungwa Obama alikuwa na wajumbe 99 na Clinton 94. Wafuasi wa Clinton waliona uchungu na ninawaelewa, ingawa kanuni zote hizo zilikuwa zimeandikwa na kambi yake ilikuwa na muda ule ule wa kuzisoma.

Kwa hiyo kipimo changu ni kipi? Ninauliza swali moja: mpiga kura aliyesimama mbele ya karatasi yake anaweza kujua karatasi hiyo itafanya nini? South Carolina inapita katika kipimo hiki, ijapokuwa mgawo wake siupendi hata kidogo. Pennsylvania ya mwaka 2016 haipiti. Huko chama cha Republican kilikuwa na wajumbe 71, na 54 kati yao walichaguliwa kwa majina wilayani bila kufungwa na matokeo ya kura ya urais, na kwenye karatasi ya kura hapakuandikwa mjumbe yupi anamuunga mkono nani. Mtu alipiga tiki kwenye jina la mgombea urais, kisha akateremka kwenye orodha ya majina ya wajumbe asiowajua msimamo, na hayo majina ya chini ndiyo yaliyokuwa na uzito. Kanuni ya namna hiyo naiona mbaya kuliko ile iliyokukasirisha, kwa sababu ile ilimnyima mtu mjumbe waziwazi, lakini hii ilimwacha mtu aamini kwamba amempata.

Basi wewe una haki kuhusu mgawo, na mjomba ana haki kwamba hapakuwa na wizi. Mwambie pia ajaribu zile korosho.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Nachingwea, mkoa wa Lindi. Mwaka 2024 wanachama zaidi ya milioni 14 wa Democratic walimpigia Joe Biden kura za mchujo, kisha tarehe 21 Julai akajitoa na chama kikampitisha Kamala Harris. Wanafunzi wangu wanauliza: zile kura zilikwenda wapi? Na je, ni kweli kuna wajumbe ambao hawakuchaguliwa na mtu?

JIBU: Ndugu mwalimu, zile kura zilichagua wajumbe, na wajumbe waliendelea kuwapo hata baada ya Biden kuondoka. Kanuni ya chama inamtaka mjumbe aakisi kwa dhamiri njema matakwa ya waliomchagua. Haimfungi kama mbuzi kwenye kigingi, na mgombea akijitoa, dhamiri ndiyo inayobaki. Wengi wa wajumbe wale waliona kwamba mtu aliyekuwa makamu wa Biden, na aliyeungwa mkono na Biden mwenyewe, ndiye aliye karibu zaidi na matakwa hayo. Walipiga kura kwa njia ya mtandao, na tarehe 5 Agosti ikatangazwa kwamba Harris ndiye mgombea, majuma mawili kabla ya mkutano mkuu wa Chicago. Waambie wanafunzi wako kwamba kanuni haikuvunjwa. Mimi binafsi naona kasoro iliyokuwapo ilikuwa ya mapema zaidi: katika majimbo mengi mwanachama hakuwa na mshindani wa maana wa kumlinganisha na Biden, na kura isiyo na chaguo haielezi mengi kuhusu matakwa ya mpigaji.

Kuhusu wajumbe wasiochaguliwa, wapo, nao huingia kwa nyadhifa zao: wabunge, maseneta na magavana wa chama, wajumbe wa kamati ya taifa, na marais wastaafu. Kuwaelewa hao inafaa kurudi mwaka 1968. Mwaka ule Hubert Humphrey alipitishwa na mkutano mkuu wa Chicago bila kushiriki kura hata moja ya mchujo, kwa nguvu ya viongozi wa chama, huku polisi wakiwapiga waandamanaji barabarani. Chama kikaunda tume, iliyoongozwa kwanza na George McGovern na baadaye na Donald Fraser, na kazi yake ndiyo iliyohamisha uteuzi kutoka vyumba vya viongozi kwenda kwa wapiga kura. Baada ya vipigo viwili vya uchaguzi mkuu, cha 1972 na cha 1980, viongozi walihisi wametolewa nje kupita kiasi, na mwaka 1982 wakajirudishia sehemu ya nafasi. Wajumbe wa nyadhifa walianza kazi kwenye mkutano wa 1984.

Wafuasi wa Bernie Sanders walikereka sana mwaka 2016, kwa sababu mamia ya wajumbe hao walikuwa wameshatangaza kuwa upande wa Clinton kabla majimbo mengi hayajapiga kura, na vyombo vya habari vilikuwa vikiwajumlisha kwenye hesabu kila siku, kana kwamba mbio zimekwisha. Malalamiko yao yalizaa matunda: tangu mwaka 2018 wajumbe wa nyadhifa hawapigi kura katika duru ya kwanza ikiwa mgombea bado hajapatikana. Kelele juu yao zimekuwa kubwa kuliko madhara yao, kwani tangu 1984 hawajawahi kumwangusha mgombea aliyeongoza kwa wajumbe waliochaguliwa.

Ukitaka mfano wa kuwapa darasani kuhusu kanuni iliyoharibika katikati ya mchezo, chukua Michigan ya mwaka 2008. Michigan na Florida zilisogeza kura zao mbele kinyume cha ratiba ya chama, zikavuliwa wajumbe wote. Huko Michigan Obama aliondoa jina lake kwenye karatasi, Clinton aliliacha lake. Clinton akapata takriban asilimia 55, na takriban asilimia 40 wakachagua nafasi ya kutomchagua yeyote. Tarehe 31 Mei, kura karibu zote zikiwa zimeshapigwa, kamati ya kanuni ilikaa na kuirudisha Michigan, kila mjumbe akihesabiwa nusu kura, na ikagawa wajumbe 69 kwa Clinton na 59 kwa Obama. Fikiria jambo hilo, mwalimu: mtu ambaye jina lake halikuwamo kwenye karatasi alipewa wajumbe 59, na namba 69 kwa 59 haikutoka kwenye sanduku lolote la kura, ilitoka mezani. Kamati ilikuwa inatafuta amani, na huenda iliipata. Lakini wapo watu wa Michigan waliobaki nyumbani Januari kwa kuambiwa kwamba kura ile haihesabiwi, na hao hapakuwa na namna ya kuwarudishia siku yao.

SWALI: Mimi ni mama wa Lindi Mjini. Ikiwa kanuni ni za vyama, je, chama cha Marekani kinaweza kuweka kanuni yoyote kinayotaka, hata ya kumfungia mtu mlango?

JIBU: Mama, hapana, ingawa zamani kilikuwa kinaweza. Katiba ya Marekani haikuvitaja vyama kabisa, na mahakama kuu ya nchi imeviachia uhuru mkubwa. Mwaka 1981, katika kesi ya Wisconsin, iliamua kwamba jimbo haliwezi kukilazimisha chama cha kitaifa kuwapokea wajumbe waliopatikana kinyume cha kanuni zake. Lakini mwaka 1944 mahakama hiyohiyo, katika kesi iliyotoka Texas, iliamua kwamba chama hakiwezi kuwazuia watu weusi kupiga kura za mchujo. Kwa kuwa katika majimbo ya kusini siku zile aliyeshinda mchujo wa Democratic ndiye aliyeshinda kila kitu, kumfungia mtu mchujo kulikuwa ni kumfungia uchaguzi wenyewe.

Mlango ulifunguliwa kisheria, lakini huko Mississippi uliendelea kufungwa kwa vitisho na vipigo. Mwaka 1964 jimbo hilo lilituma kwenye mkutano mkuu wa Atlantic City ujumbe wa wazungu watupu. Watu weusi waliokuwa wamezuiwa waliunda chama chao cha Freedom Democratic, wakachagua wajumbe wao kwa mikutano ya wazi, wakafunga safari kwenda kudai viti. Miongoni mwao alikuwa Fannie Lou Hamer, mtoto wa mwisho katika watoto 20 wa wakulima wa pamba, ambaye alikuwa amefukuzwa kwenye shamba alikokuwa akifanya kazi kwa sababu ya kwenda kujiandikisha kupiga kura, na baadaye akapigwa gerezani hadi kuumia maisha yake yote. Tarehe 22 Agosti aliketi mbele ya kamati ya kuhakiki wajumbe akayasimulia hayo, mbele ya kamera za televisheni. Chama kikawapa viti 2 visivyo vya Mississippi, na ule ujumbe wa wazungu ukaachwa na viti vyake. Hamer na wenzake walivikataa.

Pamoja na kuvikataa, walipata ahadi moja: kwamba mikutano ijayo haitapokea ujumbe uliopatikana kwa ubaguzi. Miaka 4 baadaye, kwenye mkutano uleule wa Chicago nilioutaja kwa mwalimu wa Nachingwea, ujumbe rasmi wa Mississippi ulikataliwa mlangoni na kundi lililowachanganya weusi na wazungu likapewa viti vyake. Hamer alipoingia kuketi kwenye kiti chake cha ujumbe, ukumbi ulisimama kumpigia makofi.